Kopo Jekundu Kutoka Odessa

Nilifunga safari kwa sababu ya aibu. Kazi yangu ni kuchora lebo. Asali, achari, karanga za kusaga, unga wa lishe, chochote ambacho watu wa Morogoro wanasindika majumbani kwao, mimi ndiye ninayekipa sura, na nilikuwa najiona fundi hasa. Mwezi wa Mei mteja wangu wa asali alinijia na chupa mbili, akaziweka mezani, akaniambia nichague ya kwake. Nikachagua ya jirani yake. Chupa zote mbili nilikuwa nimezichorea mimi mwenyewe: nyuki yuleyule niliyemtoa kwenye kompyuta, rangi ileile ya dhahabu, herufi zilezile za kupindapinda. "Wewe umesoma na bado umekosea," akaniambia. "Bibi asiyejua a wala be atafanyaje?"

Nikamsimulia Neema, mwalimu mmoja ambaye huniletea kazi za karanga. Badala ya kunipa pole akacheka. Akasema baba yake, Mzee Lameki wa Njombe, alisomea usindikaji wa vyakula mjini Odessa enzi za Umoja wa Kisovieti. Wenzake walirudi na redio na kamera. Yeye alirudi na kopo la biskuti lililojaa makaratasi ya peremende, lebo za maziwa na pakiti tupu za chai, kwa kuwa aliyaona ni mazuri na alikuwa na ndoto ya kiwanda chake. Kiwanda hakikupatikana, akawa afisa kilimo huko Ludewa mpaka alipostaafu, lakini kopo amelitunza. "Nenda ukaangalie wenzako walivyochora," Neema akaniambia. "Ila usichelewe. Mama anasema miwani haimsaidii baba tena. Baba anasema taa za siku hizi ni mbovu."

Saa kumi na mbili asubuhi, wiki ya pili ya Julai, nilipanda basi la kwenda nyanda za juu. Mikumi niliwaona twiga watatu, na kwenye kona za Kitonga nilifumba macho kama ninavyofanya siku zote, maana mimi si jasiri. Baada ya Mafinga misonobari ilianza, mstari kwa mstari, na abiria wakaanza kutoa makoti mikobani bila kuambizana. Mimi nilikuwa na khanga mbili na kiburi cha mtu wa joto.

Saa tisa alasiri tulifika Makambako. Pale njia panda magari ya Mbeya yanaendelea moja kwa moja na yetu ya Njombe yanakata kushoto. Upepo wa Makambako hauna adabu, unakuingia hadi kwenye mifupa. Nilinunua kofia ya sufu kwa kijana Mpare aliyeniambia kwamba naye alipofika mjini hapo alijifanya mjanja kwa siku mbili tu. Nikaivaa papo hapo, nikabadili gari.

Jioni, kabla jua halijazama, nilishuka Njombe. Mzee Lameki alikuwa ameniambia kwa simu kwamba atanipokea mwenyewe stendi. Nilimwona tangu mbali, mzee mrefu mwenye koti la kijivu na fimbo, akimkaribisha kwa bashasha mwanamke mwingine kabisa. Mwanamke yule alipomwambia kuwa yeye ni wa Songea, mzee akaomba radhi na kucheka. Nilipomwamkia, akageuka kufuata sauti. "Marahaba, mwanangu! Kofia ndiyo iliyonipoteza, nilitegemea mtu wa Morogoro bila kofia." Nami nikadhani ni utani.

Nyumba yao iko Mjimwema, yenye mabati mekundu na mianzi nyuma. Mama Neema alitoka jikoni akifuta mikono, mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea na mzito wa kusema. "Kamwene," akanisalimu, nami nikajibu "kamwene" kama nilivyofundishwa na Neema, akafurahi. Tetea mmoja mwenye madoadoa meupe alinitangulia kuingia sebuleni, akapanda kwenye kigoda.

"Huyo usimjali," Mzee Lameki akasema. "Ndiye mtoto wa mwisho wa nyumba hii. Kila mgeni akija anachinjwa jogoo, yule haguswi. Nadhani mke wangu akiambiwa achague kati yangu na yule kuku, ataomba kwanza muda wa kufikiri."

"Huyo anataga," Mama Neema akasema. "Wewe je?"

Tulikula ugali na jogoo wa watu kando ya jiko la mkaa, na mzee akanisimulia Odessa. Alifika mwezi wa Desemba, akiwa na viatu vya turubai, na hakujua hata herufi moja ya Kirusi. Duka la vyakula lilikuwa mbele ya bweni. "Nilikuwa na digrii ya kwanza mfukoni na sijui kusoma neno maziwa," akasema. "Kwa hiyo nikasoma picha. Ng'ombe, nikanunua, kweli, maziwa. Samaki, nikanunua, samaki. Halafu nikaona tembo. Tembo, mwanangu! Katikati ya theluji. Machozi yakanitoka. Nikanunua bila kujua kama ni chakula au sabuni."

"Ikawa nini?"

"Chai. Lakini nilipomwangalia vizuri yule tembo, masikio ni madogo. Wa India. Nikamwambia muuza duka kwa ishara kwamba wa kwetu ana masikio makubwa hivi." Akapanua viganja pembeni ya kichwa. "Tangu siku hiyo kila nikiingia, mama yule ananifanyia masikio."

Akaendelea kunieleza mambo ambayo kama fundi nilitaka kuyaandika yote. Maziwa yaliuzwa katika paketi zenye umbo la sambusa. Chupa zilizibwa kwa kifuniko laini cha bati, cha fedha kwa maziwa, cha kijani kwa mtindi, hivyo hata mtoto hakukosea. Kopo la maziwa mazito lilikuwa buluu na nyeupe tu, michoro ya pembepembe kama kitambaa cha kutarizi, bila makelele yoyote. "Hawakuwa na jirani wa kushindana naye," akasema. "Lebo yao haikuwa na haja ya kukuita. Ilikaa tu ikisema mimi ni nani." Wakati akisema hayo alinimiminia chai, na chai ikafurika kikombe hadi kwenye sahani. Mama Neema alivuta sahani, akaweka kitambaa, akaendelea kutazama mkaa. Ahadi ikawa asubuhi, penye mwanga, tutafungua kopo.

Asubuhi kulikuwa na sakitu nyeupe juu ya majani. Mzee Lameki alikuwa amevaa suti. Aliingia chumbani, akatoka amelibeba kopo la mraba kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa, akaliweka mezani mbele yangu. Alifungua kifuniko na kutia mkono ndani bila kutazama. Mkono ukasimama. Akautoa na kitambaa kilichofungwa fundo. Akalifungua lile fundo, na maharage yakamwagika mezani.

Kisha mzee akaita, "Mama Neema! Umefanya nini?"

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni. "Hilo ni la buluu, Baba Neema."

"Najua ni la buluu! Ninachouliza ni nani aliyeliweka mahali pa jekundu!"

Nikaelezwa kwa vipande. Makopo yalikuwa mawili, yamekuja pamoja kutoka Odessa, saizi moja. Jekundu, lenye farasi watatu, ndilo la lebo, zimebanwa kwa vipande vya maboksi zisicheze, likawa zito karibu sawa na la pili. La buluu, lenye masuke ya ngano, ndilo la mbegu ya maharage. Wiki mbili kabla ya mimi kufika ilikuwa Jumapili ya mavuno. Siku hiyo kila nyumba hupeleka kanisani ilichovuna, mahindi, viazi, mayai, kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani. Nyumba ya Mzee Lameki ilipeleka kopo la mbegu. Mbegu yake inajulikana, kwa hiyo mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi hakuona haja ya kufunua, wala mnunuzi hakudai. Lililokwenda, basi, lilikuwa jekundu.

"Mimi nilibeba ulichoniambia nibebe," mzee akasema.

Mama Neema alimtazama, kisha akatazama sakafu. "Labda ni mimi. Siku ile tulikuwa na haraka. Nisamehe."

"Miaka yote hii! Kitu kimoja tu nilichokuomba ukitunze!"

Niliona aibu, nikajifanya nachora daftarini. Nilimhurumia mzee, na ndani ya moyo wangu nilimlaumu yule mama, sitaficha. Mzee alipouliza nani aliyenunua, mama alijibu mara moja: "Mzee Seif wa Makambako, mwenye duka la nafaka nyuma ya njia panda. Huja kila mwaka." Jinsi alivyojibu upesi nikaona ni haraka ya mtu mwenye kosa.

"Sadaka ikishawekwa mbele hairudishwi," mzee akasema kwa unyonge. Kisha akakusanya maharage, akayafunga, akayarudisha kwenye kopo. "Lakini haya ni mali ya yule aliyeyanunua. Tutampelekea. Tukifika huko, Mungu atajua." Aliondoka bila kunywa chai ya mkewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba safari yangu haikuwa tena ya kuangalia picha.

Saa nne tulikuwa barabarani kurudi Makambako, mzee amepakata kopo la buluu. Njiani aliniambia kwamba hajui Mzee Seif amefanya nini na yale makaratasi, kwamba mfanyabiashara akiuziwa karatasi badala ya maharage ana haki ya kuwashia jiko. Nilimwambia asiwaze hivyo, nami nilikuwa nikiwaza vivyo hivyo.

Mchana tulilipata duka. Mzee Seif ni mtu wa Kondoa aliyehamia Makambako ujanani akiwa utingo wa malori na hakuondoka tena. Ana ndevu nyeupe, kofia safi na sauti ya kunong'ona. Dukani mwake nafaka na viungo hukaa katika vyombo vya plastiki vinavyoonyesha ndani, vimepangwa rafu tatu. Nilipoinua macho kwenye rafu hizo, nilisogea karibu. Ndani ya kila chombo, kati ya plastiki na bidhaa, kulikuwa na picha. Ng'ombe kwenye maziwa ya unga. Kindi akila kokwa kwenye karanga. Suke la ngano kwenye unga. Tembo, wa manjano, amenyoosha mkonga, kwenye majani ya chai.

"Karibuni, mzee wangu, karibu binti," Mzee Seif akasema. Mzee Lameki akajitambulisha na kuweka kopo la buluu juu ya meza. Hakuzunguka. Alisema yeye ndiye mwenye ile sadaka ya Njombe, kwamba kopo lililouzwa silo, na kwamba maharage ni haya.

Mzee Seif alilifungua, akanusa mbegu, akatabasamu. "Alhamdulillahi. Nilijua atakuja mtu. Nilipofungua lile la kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema Seif, leo umeuziwa karatasi. Lakini sadaka ya watu hailalamikiwi. Nikazitoa moja moja, nikaona zimetunzwa, kila moja na kijikaratasi cha kuikinga. Nikasema aliyetoa hivi kwa Mungu katoa kitu anachokipenda."

"Ukazibandika?" nikauliza, roho mkononi.

"Mali ya mtu unaitiaje gundi? Nimeziegesha tu. Nyingine zimo koponi." Akalitoa chini ya meza, jekundu, farasi watatu. "Nikaona wateja wangu wengi ni kina mama wa Kitandililo, hawataki shida ya kusoma. Sasa hawasemi nipimie chai. Wanasema nipimie ya tembo. Yule mnyama mweusi tu ndiye aliyenisumbua. Nilimkagua sana nikihofia ni nguruwe."

"Dubu," Mzee Lameki akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Ni peremende ya chokoleti. Umemweka wapi?"

"Kwenye dengu. Na huyu kamba nimemweka kwenye dagaa."

"Naye ni peremende!"

"Peremende ya kamba?" Mzee Seif akashangaa. "Hao watu wako walikuwa na mambo."

Nikaandika daftarini kwamba hata wale mabingwa walikuwa na lebo zilizodanganya. Mzee Seif akaanza kuzitoa vyomboni. "Ipi unaipenda zaidi, mzee wangu? Nianze na hiyo."

"Tembo. Yuko wapi?"

"Si huyo mbele yako."

Chombo cha chai kilikuwa hatua moja kutoka usoni pake. Mzee Lameki alitazama kulia, akatazama juu, akasema, "Ee, namwona, hajabadilika," huku amekikabili chombo cha pilipili manga. Mzee Seif alinitupia jicho. Kisha akakishusha kile cha chai taratibu, akaushika mkono wa mgeni wake na kuuweka juu ya karatasi, kana kwamba ndivyo wateja wote wanavyohudumiwa dukani kwake.

"Nililipata kopo kwa taabu, lakini," akaendelea, labda ili kutupitisha pale. "Kulikuwa na mama mmoja, mfupi, aligombania kopo hili na mimi mnadani mpaka watu wakawa wanatucheka. Nikipandisha, anapandisha. Nikadhani ana shamba kubwa na mbegu imemwishia. Akafungua pindo la kitenge, akamaliza kilichokuwamo. Nami nilishaitamani mbegu, shetani wa biashara. Mwishowe akasema, 'na tetea wangu wa madoa juu yake.' Watu walivunjika mbavu. Nikapandisha mara moja tu, akaondoka. Mpaka leo nikimkumbuka naona nilimdhulumu."

Mzee Lameki alikuwa ameshika karatasi ya tembo kwa mikono miwili. "Tetea wa madoa," akasema.

"Ndiyo. Unamfahamu mama huyo?"

Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Mimi nami nilikuwa nimeelewa, na nikaona haya kwa yale niliyomfikiria mama wa watu asubuhi.

Mzee Seif hakutaka chochote zaidi ya maharage yake. Ila alivitazama vyombo vilivyobaki uchi, akaguna kwamba kesho kina mama watamwuliza tembo amehamia wapi. Nikamwahidi kumchorea lebo zake mwenyewe, za kila chombo. Akanishikilia hapo hapo nianze na ya chai, nikamchorea kwa kalamu za rangi juu ya boksi, na tembo wangu nikampa masikio ya kwetu.

Saa tisa tulipanda gari la kurudi Njombe. Tulipokuwa tukipita kwenye vilima vya misonobari, mzee akaligeuza kopo mapajani mwake, akaniuliza kwa sauti ya chini ili abiria wasisikie, "Rehema, hili ni la rangi gani?"

"Jekundu, mzee."

"Na lile la maharage?"

"La buluu."

"Kwangu yote mawili ni ya udongo," akasema. "Tangu masika. Nilidhani itapita." Kisha akageukia dirishani, ingawa sasa nilijua hakuna alichokuwa akikiona huko zaidi ya mwanga.

Tulifika Mjimwema wakati Mama Neema akiwafungia kuku. Alilitazama kopo, akamtazama mumewe, akasema tu chai iko tayari. Mzee Lameki hakuketi. Alisimama katikati ya sebule na kofia mkononi.

"Mama Neema. Kopo nililichukua mimi kabatini. Hukuniambia nichukue jekundu. Ulisema la buluu, nami nikachukua, na sikuona. Macho yangu yamekwisha. Nimekuonea."

Mama Neema aliweka birika chini. "Najua."

"Unajua nini?"

"Nilikuona unapoliweka mbele, pale kanisani. Jekundu. Nikataka kuinuka."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini mbele za watu wote? Kwamba mume wangu haoni?" Akashika pindo la kitenge chake. "Nikasema nitalinunua mnadani, tulirudishe nyumbani, usijue. Yule Mwarabu akanishinda."

"Si Mwarabu, ni Mrangi wa Kondoa."

"Basi akanishinda Mrangi. Nilikuwa nangoja niuze viazi nimfuate Makambako. Mgeni akawahi."

"Na asubuhi nilipokufokea mbele ya mgeni, ukasema labda ni wewe."

"Nilingoja uniambie mwenyewe," akasema. "Mtu haambiwi kwamba haoni. Chumvi nimeiweka mahali pamoja tangu masika, viatu vyako mahali pamoja, fimbo mahali pamoja. Nikasema ipo siku atasema."

Mzee Lameki alinyoosha mkono, ukakosea kidogo, mkewe akausogelea. Mimi nikatoka nje kwenda kumwangalia tetea wa madoa, maana machozi yalikuwa yamenijia na sina ustadi wa kuyaficha. Tetea yule hakuwa na habari kwamba alinusurika kuhamia Makambako.

Asubuhi iliyofuata ndipo nilipofanya kazi iliyonileta, na haikwenda nilivyoipanga. Mama Neema ndiye aliyetoa lebo moja moja na kueleza anachokiona, na mzee, amefumba macho, akasema ni nini na aliila lini. "Ng'ombe hakuna, ni mapambo tu, buluu na nyeupe." "Maziwa mazito. Tulichemsha kopo zima majini mpaka maziwa yakawa kahawia." "Tunda, jekundu, na jani." "Maji ya cheri. Mtihani wa mwaka wa tatu." Mimi nilipiga picha na kuandika. Ilikuja karatasi ya chokoleti yenye sura ya mtoto wa kike, mashavu mekundu, amefungwa kitambaa kichwani. Mama Neema aliiangalia kwa muda mrefu.

"Na huyu ndiye nani?"

"Mtoto wa kwenye chokoleti."

"Kumbe. Sijawahi kulifungua kopo hili, unajua? Nilidhani lina barua za Mrusi wako."

"Miaka yote?"

"Sikutaka kujua," akasema, na wakacheka mpaka mzee akakohoa.

Siku ya tano niliondoka Njombe. Mama Neema alinifungia viazi na maharage, na nilipopanda basi alikuwa ameshika mkono wa mumewe, maana wao walikuwa wakielekea hospitali. Baadaye nilisikia kwamba daktari aliyemwona alisema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Mzee alisema kama ni mtoto, basi amemlea vya kutosha.

Nyumbani Morogoro nilimwita mteja wangu wa asali. Nilimwomba anieleze mizinga yake iko wapi, akasema kwenye mti mmoja mkubwa ulioinama juu ya mto, kila mtu wa kijijini anaujua. Nikauchora mti ule peke yake, kwa rangi mbili, bila nyuki na bila dhahabu. Aliipeleka chupa kwa bibi yake bila kumwambia neno, na bibi akauliza mti wao umeingiaje kwenye chupa. Nilizipeleka pia lebo za Mzee Seif, na ya dagaa ina dagaa.

Mwezi uliopita Neema alinipigia simu. Baba yake ameshafanyiwa macho yote mawili. Tayari amekwenda kumkagua tembo wangu Makambako, amemkubali ila anaona masikio nimeyazidisha. Lakini kabla ya hapo, siku ile ile alipofunguliwa bandeji alikaa kitandani akamtazama mkewe kwa muda mrefu, hata daktari akaingiwa na wasiwasi.

"Mama Neema," akasema, "kumbe umezeeka, na hukuniambia."

"Hilo nalo," Mama Neema akamjibu, "nilinyamaza."